Sura ya Sita: Shusha Mara Moja, Gawia Wote

Mtae imekaa kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Usambara Magharibi, juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Ukisimama ukingoni unaiona tambarare ya Mkomazi imelala chini kabisa, na ng'ambo milima ya Upare. Kufika huko ni shughuli. Kutoka Lushoto mjini ni makumi ya kilomita za kona na miteremko, na mabasi ya kwenda mjini huondoka kabla hakujapambazuka.

Kwa umbali huo, kompyuta iliyoharibika mfumo ni mzigo mzito. Inafungwa kwenye blanketi, inapakiwa basini pamoja na viazi na kabichi, inashushwa kwa fundi mjini. Fundi anapiga Windows, mara nyingi nakala isiyo na leseni, anachukua chake na kazi imekwisha. Miezi michache baadaye virusi vimejaa, mashine inajikokota, na safari inaanza upya. Shule imelipa nauli, imelipa ufundi, na ujuzi wote umebaki mjini.

Sura hii inahusu namna ya kuukata mzunguko huo kwa flashi moja na mtandao wa simu. Nitaeleza jinsi ya kuweka mfumo endeshi wa Linux kwenye chumba cha kompyuta cha shule ya Mtae, au mahali pengine popote ambapo bando ni ghali na barabara ni ndefu. Hoja yangu ni moja: kila kinachotoka nje kishushwe mara moja tu, kisha kigawiwe mashine zote ndani ya chumba. Teknolojia inaruhusu, na leseni inaruhusu. Kinachotakiwa ni watu wa hapo hapo kuijua kazi.

Kwa nini sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama ilivyokuwa ikifanya. Mashine haikuzimika siku hiyo, lakini marekebisho ya usalama ya kawaida yalikoma. Mrithi wake, Windows 11, anadai kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kompyuta nyingi zinazofika mashuleni kwetu zimeshatumika ofisini Ulaya au Dar es Salaam kabla ya kupanda mlima. Kioo kizima, kibodi nzima, diski nzima, lakini masharti ya Windows 11 hazitimizi.

Kuzitupa mashine hizo ni hasara isiyo na sababu. Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2 au 4 inaweza kuendesha Linux vizuri ukiichagulia mazingira mepesi, na ikaandika barua, ikafanya hesabu za majedwali, ikafungua intaneti na kufundishia somo la kompyuta.

Huko Karatu, mkoani Arusha, jambo la aina hii limeshafanyika. Shirika la Powering Potential lilipeleka katika shule za sekondari kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua na kuendeshwa na Linux, zikiwa na maktaba ya RACHEL inayosomeka bila intaneti. Mwanafunzi wa kijijini anaweza kujifunza kompyuta bila kusubiri mashine mpya wala mtandao wa kasi.

Haki ya kunakili

Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kwamba anatengeneza kiini cha mfumo endeshi, kilichokuja kuitwa Linux. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni ya GPL, iliyoandikwa na Mmarekani Richard Stallman aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983. Leseni hiyo inampa kila mtu ruhusa ya kutumia programu, kuichunguza, kuibadili, kuinakili na kumpa mwenzake, kwa sharti kwamba anayepewa naye apewe haki zile zile.

Haki ya kumpa mwenzako ndiyo msingi wa kila nitakachoeleza hapa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Mwalimu anayenakili Windows ya mashine moja kwenye nyingine ishirini amevunja sheria. Mwalimu anayefanya hivyo hivyo kwa Linux ametumia haki aliyopewa waziwazi, na hana wa kumwogopa.

Watanzania waliitumia haki hiyo mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Idara ya Sayansi ya Kompyuta na kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Hawakusubiri kampuni kubwa ione kama Waswahili ni soko lenye faida. Leseni iliwaruhusu, wakafanya.

Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na kwa miaka kadhaa diski zake zilitumwa bure kwa posta popote duniani. Huduma hiyo ilisitishwa mwaka 2011. Wakati huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa umeshafika Dar es Salaam, mwaka 2009, na intaneti ilianza kuchukua kazi ya posta. Tangu hapo njia ya kawaida ya kupata Linux ni mtandao, na swali la mlimani likawa namna ya kuutumia mtandao huo kwa kiasi.

Flashi ndogo, mfumo mkubwa

Kuna njia mbili za kuweka Linux kwa flashi. Ya kwanza ni kupakua mfumo mzima, ukaujaza kwenye flashi, ukasakinisha bila mtandao. Ya pili ndiyo yetu: flashi inabeba sehemu ya kuanzia tu, na vingine vyote vinafuatwa mtandaoni wakati kazi ikiendelea.

Nitatumia Debian, aina nyingine ya Linux, kama mfano. Ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, inatengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote, na Ubuntu yenyewe imejengwa juu yake. Debian hutoa faili liitwalo netinst, ambalo ni chini ya GB 1, wakati faili lake la DVD linakaribia GB 4. Ndani ya netinst kuna programu ya usakinishaji na mfumo wa msingi. Mazingira ya kazi, programu za ofisi na kivinjari hushushwa kutoka kwenye hazina ya Debian yenye vifurushi vya programu zaidi ya 60,000, na unachukua unavyovihitaji tu.

Faida ya kwanza ni kwamba hulipii bando la vitu usivyovitaka. Ya pili ni kwamba unachokiweka ni kipya: marekebisho ya usalama ya wiki hii yanaingia moja kwa moja, badala ya kuweka mfumo wa mwaka jana halafu ukatumia siku nzima kuuhuisha. Hasara yake ni kwamba kila mashine inataka intaneti. Ukiwa na mashine ishirini na simu moja, hapo ndipo penye mtihani, na nitaufikia.

Kabla ya kupakua, jua umri wa mashine zako. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena faili la usakinishaji kwa kompyuta za biti 32. Kama una mashine kongwe za aina hiyo, chukua Debian 12, ambayo itaendelea kupata huduma ya muda mrefu hadi Juni 2028. Zilizo nyingi ni za biti 64, na kwa hizo utachagua faili la amd64, hata kama kichakato ni cha Intel.

Kuiandaa flashi

Faili la netinst linapakuliwa kutoka debian.org. Kwenye mtandao unaokatikakatika, tumia programu inayoweza kuendelea pale ilipoishia. Kwa aliye na Linux tayari, amri ya wget yenye alama ya -c inafanya kazi hiyo. Kivinjari cha kawaida kinaweza kukurudisha mwanzo ukiwa umebakiza kidogo tu, na bando limeshaliwa.

Faili likishafika, lihakiki. Karibu na faili hilo pale debian.org kuna orodha iitwayo SHA256SUMS, yenye mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi kwa kila faili. Kwenye Linux unaandika sha256sum na jina la faili lako. Kwenye Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Mfuatano unaoupata ukilingana na ule wa orodha, faili lako ni zima na halijaguswa. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha wanapoteza siku nzima wakiilaumu kompyuta kwa kosa la faili lililofika nusu.

Kuliandika faili kwenye flashi si sawa na kulinakili kama wimbo. Unahitaji programu maalumu. Kwenye Windows ipo Rufus, na ikikuuliza namna ya kuandika, chagua DD. Kwenye Linux ipo amri ya dd, na ipo balenaEtcher inayofanya kazi kwenye mifumo yote. Chochote kilichokuwemo kwenye flashi kitafutika. Anayetumia dd aandike kwanza lsblk aone flashi yake imepewa jina gani, kwa sababu dd haiulizi mara mbili. Ukiielekeza kwenye diski ya kompyuta kwa bahati mbaya, itaifuta hiyo diski.

Flashi ikiwa tayari, ichomeke kwenye mashine iliyozimwa, iwashe, na ubonyeze kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwenye HP nyingi ni Esc kisha F9. Chagua flashi, na kioo cha Debian kitafunguka.

Simu kama njia ya intaneti

Mwinuko wa Mtae una faida yake kwenye mawasiliano. Mawimbi ya simu husafiri vizuri pale ambapo hakuna kitu kati ya mnara na kifaa, na ukingo wa mlima uko wazi kwa upande wa bondeni. Lakini mgongo huo huo wa mlima unaweza kuwa ukuta kwa nyumba zilizo upande wa pili, na vyumba viwili vya jengo moja vinaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutembea na simu chumba hadi chumba, dirisha hadi dirisha, na kwa laini za kampuni zote zinazopatikana hapo. Palipo na kasi ndipo simu itakapokaa. Pima pia kwa nyakati tofauti, kwa sababu jioni watu wakishafungua simu zao kasi huweza kushuka, na alfajiri ikapanda.

Simu iunganishwe na kompyuta kwa waya wa USB, ule ule wa kuchajia. Fungua mipangilio ya simu, nenda sehemu ya kusambaza intaneti, washa kusambaza kwa njia ya USB. Fanya hivyo kabla programu ya usakinishaji haijafika hatua ya kutafuta mtandao. Kwa kawaida Debian itaiona simu kama waya wa mtandao, itaomba anwani, itapewa, na itaendelea. Njia hii inaushinda mtandao wa hewani kwa sababu haitegemei kadi ya Wi-Fi ya kompyuta, na wakati huo huo simu inachajiwa.

Kadi za Wi-Fi ziliwahi kuwakatisha tamaa watu wengi. Nyingi zinahitaji programu ndogo ya kuziamsha, iliyo mali ya kampuni iliyozitengeneza, na Debian ilikuwa haiziweki kwenye faili lake rasmi kwa sababu si huria. Mtu alijikuta anahitaji intaneti ili apate kile cha kumpa intaneti. Oktoba 2022 wanachama wa Debian walipiga kura na kukubali programu hizo ziwemo, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 zimo. Mwongozo wowote wa zamani unaokuambia uzitafute kwenye flashi ya pili umepitwa na wakati.

Ghala la chumbani

Sasa twende kwenye hesabu. Tuseme kila mashine inahitaji kushusha GB 1 ili ipate mazingira ya kazi na programu zake. Kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, GB 1 huchukua kama dakika 33. Mashine ishirini zikifuatana ni zaidi ya saa 11, na bando la GB 20. Zikienda zote kwa pamoja kwenye simu moja, zitagombania kasi ile ile na nyingine zitakwama njiani. Umeme ukikatika saa ya tatu, mashine zilizokuwa katikati zinaanza upya, na bando lililokwisha kutumika halirudi.

Dawa yake ni programu iitwayo apt-cacher-ng. Inakaa kwenye mashine moja, ambayo nitaiita ghala. Kompyuta ya kwanza ikitaka kifurushi, inakiomba ghalani, na ghala linakifuata Debian, linampa mwombaji na kubakiza nakala. Kompyuta ya pili ikitaka kifurushi hicho hicho, inapewa ile nakala, na simu haiguswi. Ndivyo duka la kijijini linavyofanya kazi: gari moja linapandisha chumvi kutoka Mombo bondeni, na hakuna kaya inayolazimika kuteremka yenyewe.

Kwa hesabu ile ile, mashine ishirini zinazofanana zinatumia GB 1 badala ya 20, na vifurushi vichache vya ziada pale vifaa vinapotofautiana. Kwenye waya wa mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, GB 1 inaweza kupita kwa muda wa chini ya dakika mbili. Kinachobaki kuchukua muda ni diski ya mashine yenyewe. Na umeme ukikatika, vifurushi vilivyokwisha kufika vimo ghalani vinasubiri.

Ghala liwe kompyuta mpakato yenye betri inayokaa na chaji. Lisakinishwe la kwanza, kwa flashi na simu kama nilivyoeleza. Likishawaka, andika apt install apt-cacher-ng kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Programu itaanza kusikiliza kwenye mlango namba 3142, na nakala zitatunzwa kwenye kabrasha la /var/cache/apt-cacher-ng.

Baada ya hapo liunganishe na wenzake. Kama shule ina ruta inayotumia laini ya simu, mambo ni mepesi: ghala na mashine zote zinachomekwa kwenye swichi moja na ruta hiyo, ambayo itagawa anwani. Kama intaneti inatoka kwenye simu, simu inabaki kwenye USB ya ghala, na ruta yoyote ya kawaida, hata isiyo na intaneti, inagawa anwani kwa mashine nyingine. Lipe ghala anwani tuli upande wa waya, kwa mfano 192.168.1.10, isiyogongana na zile ambazo ruta inazigawa. Intaneti ikitoka kwenye simu, sehemu ya lango uiache wazi, ili ghala lisije likatafuta intaneti kwenye ruta isiyokuwa nayo. Mashine nyingine hazihitaji kuifikia intaneti kabisa. Zinahitaji kuliona ghala tu.

Maswali ya Debian

Programu ya usakinishaji ni mfululizo wa maswali. Mengi ni mepesi: lugha, nchi, kibodi, jina la mashine. Ukichagua Tanzania, saa itajiweka ya Afrika Mashariki. Mashine zipewe majina yanayoeleweka na kila mtu, na bandiko lenye jina hilo libandikwe kwenye kasha, ili mwanafunzi akisema mashine fulani haiwaki, ajulikane ni ipi.

Panapohitaji utulivu ni kwenye diski. Debian itakuuliza kama itumie diski yote. Ukikubali, kila kilichokuwemo kitafutika: mitihani, orodha za alama, picha za mahafali, taarifa za michango ya wazazi. Kabla ya siku ya kazi, kila mwenye chake akitoe na kukihifadhi pengine, na mkuu wa shule athibitishe. Debian yenyewe inakupa nafasi ya mwisho. Inaonyesha muhtasari wa mabadiliko, inauliza kama iandike kwenye diski, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Soma ukubwa wa diski ulioonyeshwa pale. Kama umeandikwa ukubwa wa flashi yako, rudi nyuma.

Mfumo wa msingi utaingia kutoka kwenye flashi. Kisha utaulizwa vifurushi vifuatwe wapi. Chagua deb.debian.org, anwani inayokuelekeza kwenye seva inayofaa kwa mahali ulipo. Swali linalofuata ndilo linalobeba mpango wetu wote. Debian inauliza kama kuna seva wakala ya HTTP, na watu wengi hupaacha patupu. Kwenye kila mashine isipokuwa ghala, andika pale:

http://192.168.1.10:3142

Mstari huo mmoja ndio unaoiambia mashine isiende nje, iende ghalani. Ukikosea nukta au namba, mashine itasema haioni hazina, na hapo usianze kulaumu mnara. Rudi usome ulichoandika.

Mwisho unachagua mazingira ya kazi. GNOME huwa imewekewa alama tayari. Ni nzuri, ila inataka mashine yenye nguvu. Kwa kompyuta za GB 2 ondoa alama hiyo na uchague Xfce au LXQt. Zichague zile zile kwenye mashine zote, kwa sababu ghala linasaidia pale mashine zinapotaka vitu vinavyofanana.

Mtu mwangalifu atauliza: vifurushi vinavyopita kwenye kompyuta ya mtu mwingine, tena kwa HTTP isiyo na ulinzi, vinaaminika vipi? Jibu liko kwenye saini. Debian hutoa orodha ya vifurushi yenye alama za uhakiki, na orodha hiyo inatiwa saini ya kidijitali. Ufunguo wa kuihakiki saini umo kwenye flashi yako. Mashine inakikagua kila kifurushi kabla ya kukiweka, na kilichobadilishwa, ghalani au njiani, kinakataliwa. Ndiyo maana nilisisitiza ulihakiki faili la flashi tangu mwanzo: uaminifu wote unaofuata umeegemea hapo.

Siku ya pili

Mashine zote zikiwaka, kazi imefika nusu. Anwani ya ghala uliyoiandika imebaki kwenye kila mashine, ndani ya faili la /etc/apt/apt.conf. Hilo ni jambo jema, kwa sababu marekebisho ya kila mwezi nayo yatapita ghalani, yakishushwa mara moja kwa chumba kizima. Ila ghala likizimwa, mashine nyingine hazitapata marekebisho, na kompyuta itakayohamishiwa kwingine inabidi ifutiwe mstari huo. Liandike jambo hili kwenye daftari la chumba, maana mwalimu atakayekuja baada yako hatalijua.

Ghala lenyewe linaweza kubeba zaidi ya vifurushi. Programu ya Kiwix inaliwezesha kuhifadhi Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, na kuigawia chumba kizima bila intaneti. Mwanafunzi wa Mtae anaweza kusoma makala kuhusu Vuga ya huko huko Usambara, kuhusu mwezi au kuhusu ugonjwa wa malaria wakati bando limekwisha na mnara uko kimya.

Nenosiri la msimamizi lisikae kichwani mwa mtu mmoja. Chumba cha kompyuta hufa mwalimu mmoja anapohamishwa, funguo zikabaki mfukoni mwake na maarifa kichwani mwake. Nenosiri liandikwe, litiwe kwenye bahasha, lifungiwe ofisi ya mkuu wa shule. Anwani za mashine, jina la kila moja na hatua zilizofuatwa ziandikwe kwenye daftari kwa Kiswahili kinachoeleweka na asiyekuwepo siku ile.

Kwa walimu na wakuu wa shule za Mtae, Sunga, Mlalo na vijiji vyote vya milimani nina ombi moja. Msimwite fundi aje afanye, ninyi mkiwa mmekaa pembeni mnatazama. Kama mtamwita, mwambieni aweke mashine ya kwanza akieleza kwa sauti, wanafunzi wawili waweke ya pili na ya tatu mbele yake, na zinazobaki waziweke wao wenyewe. Flashi ibaki shuleni. Leseni imewapa haki ya kunakili na kugawa bila kumwomba mtu ruhusa, lakini haki hiyo haimsaidii asiyejua kuitumia. Wafundisheni wanafunzi hao wawili mwaka huu, na mwaka ujao wao wawafundishe wengine.